Nani Anamuuliza Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ujuzi Unavyotembea Ndani ya Kampuni

Kwa miaka kadhaa nilisimamia uzalishaji katika karakana moja hapa Kigoma. Tulikuwa tunatengeneza mashine za kukamulia mawese na vichanja vya kuanikia dagaa, na tulikuwa na kibanda cha kurekebisha injini za boti. Siku hizi nazungukia karakana na viwanda vidogo, Mwanga hadi Ujiji, na nikipanda treni nafika hata Tabora, kuzungumza na wenye mali na mafundi wao. Maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa jinsi yalivyoulizwa, pamoja na yale ya kunichokoza.

Mtandao wa wavumbuzi ndio nini? Ni grupu la WhatsApp?

Hapana. Ni ile orodha isiyoandikwa popote ya nani amewahi kufanya kazi na nani, na nani akikwama humwendea nani. Na mvumbuzi ninayemzungumzia si lazima awe na cheti ukutani. Fundi aliyegundua kwamba mlango wa tanuri ukiinamishwa kidogo moshi haumrudii mpishi ni mvumbuzi. Dada aliyepanga misumari kwenye stoo kwa kazi badala ya urefu, mafundi wakaacha kuchakura, naye yumo. Ukichukua majina ya watu wa namna hiyo, ukayaunganisha kwa mistari ya nani ameshirikiana na nani, umepata mtandao wao.

Si kuna fundi mkuu? Ujuzi haushuki kutoka kwake?

Kinachoshuka kutoka kwa fundi mkuu ni kazi: leo chomeleeni hiki, kesho paka rangi kile. Namna ya kukifanya bila kuharibu hupatikana kwa jirani. Siku moja kaa pembeni ya karakana yako bila kusema kitu, uangalie kijana aliyekwama anaelekea wapi. Mara nyingi hamfuati mkubwa wake. Anamfuata yule ambaye hatamcheka.

Haya ni maneno ya kijiweni au yamepimwa?

Yamepimwa, na kipimo chenyewe ni cha kijanja. Hataza ni haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Hati yake humtaja mmiliki, ambaye mara nyingi ni kampuni, na huwataja pia wavumbuzi kwa majina yao. Watu wawili wakiwa kwenye hataza moja, ujue walifanya kazi pamoja. Hati hizo pia hutaja hataza za zamani ambazo uvumbuzi mpya umejengwa juu yake. Kwa hiyo mtafiti akikusanya hataza za kampuni moja kwa miaka mingi anaweza kuona nani alishirikiana na nani, kisha aone wazo la nani lilichukuliwa na wenzake na la nani lilibaki kwenye karatasi.

Watafiti Atul Nerkar na Srikanth Paruchuri walifanya hivyo kwa kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waliona kwamba wazo lilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutumiwa na wavumbuzi wengine wa kampuni hiyo kama mwenye wazo alikaa katikati ya mtandao, au kama aliunganisha makundi ambayo bila yeye yasingekutana. Tafsiri yangu ya mtaani ni kwamba hata mahali palipojaa wanasayansi, watu hawana muda wa kupima kila wazo. Wanaanza na la mtu wanayemjua.

Kipimo hiki kina tundu lake. Si kila ushirikiano huishia kwenye hataza, na karakana nyingi za huku hazina hata moja. Kwetu inabidi kuuliza watu kwa mdomo. Nitaeleza namna huko chini.

Mbona fundi wangu ana wazo zuri na hakuna anayelitumia?

Nikiulizwa hili nakumbuka misumari.

Mashine yetu ya mawese ina ngoma ya chuma yenye matundu. Mise, yaani matunda ya mchikichi, ikishachemshwa na kupondwa inabanwa humo na parafujo, mafuta yanatokea matunduni. Tatizo lilikuwa nyuzi. Zilikuwa zinaziba matundu, na wateja wetu wa Simbo na Kandaga walikuwa wanasimamisha kazi kuzibua kwa msumari, tundu baada ya tundu, huku mise inapoa. Pale Gungu tulipokuwa tunaunda mashine tulibadilisha unene wa bati. Tukaongeza matundu. Tukayapunguza. Miezi minane ikaisha hivyo, na kila wiki tunachukua misumari stoo kwenda kuwagawia wateja kama vile ni sehemu ya mashine.

Wakati wote huo, kijana wetu mmoja wa kibanda cha Kibirizi alikuwa ameshalimaliza tatizo hilo hilo kwenye chujio la pampu ya maji ya boti. Alitoboa tundu, kisha akalipanua upande wa kutokea, likawa jembamba ndani na pana nje kama tarumbeta. Uchafu ukishapita ule mdomo mwembamba hauna pa kunasa.

Hakuficha. Hakuulizwa. Watu wa Gungu hawakumjua, na yeye mashine ya mawese aliiona ikipita juu ya lori tu. Mimi nilikuwa napita Kibirizi kila Ijumaa, lakini nilikuwa nafuata hesabu za fedha. Nilisimama mita mbili kutoka kwenye jibu, wiki baada ya wiki, nikihesabu noti.

Aliyeunganisha ni mama wa stoo. Yeye pekee ndiye aliyekuwa anatoa vifaa kwa pande zote mbili. Aliona wa Kibirizi anaazima keke nene kila akitengeneza chujio, na wa Gungu wanamaliza misumari. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hivi hawa watu wa Gungu wanajuana na yule mtoto wa Kibirizi?" Wiki hiyo hiyo nikampakia kijana kwenye bajaji. Ngoma mpya ilikuwa tayari kabla mwezi haujaandama.

Kwa hiyo umbali wa Kibirizi na Gungu ndio ulioharibu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Na wala hauhitaji umbali wa bajaji. Thomas Allen wa chuo cha MIT kule Marekani alipima wahandisi wanavyozungumza kulingana na umbali wa meza zao, akaandika matokeo yake mwaka 1977. Mazungumzo yalishuka kwa kasi sana kadiri meza zilivyotengana, na yakizidi kama mita 50 yanakuwa haba, hata ndani ya jengo moja. Wazee walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Allen aliipima hiyo fimbo kwa mita.

Ukiweza kuhamisha benchi, hamisha. Ukishindwa, hamisha watu. Wiki mbili za fundi wa huku kufanya kazi kule zinatosha kuzaa mtu wa kumpigia simu kwa miaka.

Watu kama huyo mama wa stoo wanaitwaje, na nitawajuaje?

Mimi nawaita watu wa daraja. Ronald Burt, mwanasosholojia wa Marekani, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi: katikati ya makundi kuna mapengo, na anayesimama kwenye pengo huona vitu ambavyo wa upande mmoja hawavioni. Utafiti wake wa mwaka 2004 ulihusu mameneja 673 wa kampuni kubwa ya elektroniki. Waliokuwa na watu pande nyingi ndio waliotoa mawazo yaliyopewa alama nzuri zaidi na wakubwa, na mawazo yao hayakutupwa kirahisi.

Kuwatambua si kazi. Tafuta mtu ambaye kazi yake inamlazimu kusema na kila upande. Stoo, dereva, mkaguzi wa ubora, mama ntilie anayeleta chakula vibanda vyote. Mara nyingi ni watu wa mshahara mdogo, na ndiyo maana wenye kampuni hawawaoni.

Bora watu wanaojuana sana, au wanaojuana kidogo?

Inategemea unataka nini, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari mpya huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao juu juu. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua. Mnakunywa chai pamoja kila siku, atakuambia nini kipya? Yule mnayesalimiana tu kwenye treni ya Tabora ndiye mwenye jambo usilolisikia.

Ila kujua kwamba kitu kipo ni tofauti na kuweza kukifanya. Mtafiti Morten Hansen alifuatilia miradi 120 ya bidhaa mpya katika vitengo 41 vya kampuni moja ya elektroniki, akachapisha mwaka 1999. Uhusiano wa juu juu ulisaidia kutafuta ujuzi kwenye vitengo vingine, lakini ujuzi wenyewe ukiwa mgumu, usioelezeka kwa maneno machache, uhusiano huo uliukwamisha. Kwa ujuzi wa namna hiyo lazima mtu akae na mtu.

Lile tundu la tarumbeta lilikuwa jambo jepesi. Ulilichora chini kwa kijiti, watu wakaelewa. Lakini kukaza parafujo kwa kusikiliza mlio wa mashine? Hilo tulilihamisha kwa fundi mmoja kukaa na mwingine msimu mzima wa mise, na bado mmoja kati ya watatu hakuliweza.

Kwa nini tusiandike tu mwongozo, kila fundi akasoma?

Andikeni. Lakini msitegemee karatasi ifanye kazi ya mtu. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema, na kila aliyewahi kumfundisha mtoto kuendesha baiskeli atamuunga mkono.

Mfano ninaoupenda unatoka Japani. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Matsushita ilikuwa inaunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulikuwa unatoka na ganda lililoiva kupita kiasi na ndani mbichi. Walipima unga kila namna, hata kwa eksirei. Ndipo Ikuko Tanaka, mmoja wa watengenezaji wa programu, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka aliyesifika kwa mkate. Alikanda naye. Akaona jambo ambalo mwokaji mwenyewe hakuwahi kulitaja: alikuwa anauvuta unga huku anausokota. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo cha mashine ili unga uvutike vile, na mkate ukakubali.

Na huku kwetu Gombe, hifadhi iliyo kaskazini mwa mji wa Kigoma ambako unafika kwa boti tu, sokwe wanatoa somo hilo hilo bila malipo. Utafiti uliotoka mwaka 2004 ulionyesha kuwa watoto wa kike wa sokwe huanza kuvua mchwa kwa kijiti wakiwa na wastani wa miezi 31, wa kiume miezi 58. Wa kike walikuwa wanakaa kumtazama mama yao. Wa kiume walikuwa wanacheza. Mafundi wanawake wanipigie makofi hapo.

Vijiwe vya chai si kupoteza muda wa kazi?

Vingine ni kupoteza muda, tusidanganyane. Nimekaa kwenye kijiwe cha Simba na Yanga hadi saa tano asubuhi. Lakini kabla ya kuvifuta, sikiliza kwanza kinachosemwa. Mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi wa mashine za kunakili wa kampuni ya Xerox, akakuta kwamba mengi ya kazi yao yalitatuliwa kwa hadithi walizopeana wakila pamoja: mashine fulani ilinifanyia hivi, nikajaribu hivi. Kitabu cha kampuni kilieleza hitilafu zinazojulikana tu. Hadithi zilikuwa na yale ambayo kitabu hakikuyawaza.

Kampuni ya 3M nayo. Spencer Silver alipata gundi dhaifu mwaka 1968, gundi inayoshika na kubanduka, na kwa miaka akawa anaizungumzia kwa wenzake kwenye semina za ndani bila mtu kujua ya nini. Mmoja wa walioisikia alikuwa Art Fry. Fry alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa na alama zake za kurasa zilikuwa zinadondoka kwenye kitabu cha nyimbo. Vile vikaratasi vya kubandika tunavyovijua leo viliingia sokoni Marekani mwaka 1980. Miaka 12. Silver asingekuwa msemaji, gundi ingezikwa naye.

Fundi wangu bora anaficha ujuzi. Akifika mtu, anazima mashine. Nifanyeje?

Kwanza jiulize alijifunza wapi kuficha. Nimekutana na fundi Ujiji aliyebuni kichanja cha dagaa kinachokunjwa, mvua ikija unakifunga kama mwavuli. Mwenye kampuni alipiga picha, akaenda nacho kwenye maonyesho, akaulizwa nani amekibuni, akajibu "mimi". Fundi alikuwa amesimama nyuma ya banda ameshika spana. Unadhani mwaka uliofuata alionyesha nini? Wanaosema mficha uchi hazai wasisahau kwamba kuna waliozaa na mtoto akachukuliwa.

Dawa ya kwanza ni jina, na haigharimu chochote. Tundu la tarumbeta sisi tuliliita kwa jina la utani la yule kijana, na hadi leo mafundi wanaliita hivyo. Ukitaka kujua zaidi unajua pa kwenda. Dawa ya pili ni malipo yanayoeleweka, hata kama ni madogo. Msimlipe fundi kwa vipande alivyomaliza peke yake halafu mshangae hana muda wa kumwelekeza mwenzake. Kila dakika anayofundisha mnamkata mshahara.

Dawa ya tatu ni kutomdhalilisha anayeuliza. Karakana ambako swali hujibiwa kwa "wewe ni fundi gani?" haihitaji mtu wa kuficha, ujuzi unajificha wenyewe.

Na hataza? Ikisajiliwa inakuwa ya nani?

Tanzania Bara usajili unafanywa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Kwa kawaida uvumbuzi uliofanyika katika kutekeleza mkataba wa ajira huwa wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine, kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kugombana. Kumiliki na kutajwa ni mambo mawili: mvumbuzi hutajwa kwa jina hata kama mmiliki ni kampuni, na ni aibu kumwandika bosi asiyegusa chuma. Jambo jingine, hataza hudai uvumbuzi uwe mpya. Ukikimbilia kukionyesha chombo chako kwenye maonyesho ya Nane Nane kabla ya kupeleka maombi, unaweza kuharibu sifa hiyo. Anza BRELA au ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, uulize.

Fundi mkuu ndiye anayejua kila kitu na kila mtu anamfuata. Hiyo si nzuri?

Ni nzuri mpaka akosee. Ukumbuke yale ya DuPont: wazo la aliye katikati huchukuliwa kirahisi zaidi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ni bora siku zote. Sisi tulikuwa na mzee mmoja, fundi kweli kweli, aliyeamini mashine ya mise lazima iwekwe kwa kipimo kimoja. Kipimo hicho kilifaa dura, mise ya kienyeji yenye ganda nene la kokwa. Wakulima walipoanza kuvuna tenera, ile chotara yenye ganda jembamba na nyama nyingi, kipimo kile kikawa hakifai. Kina mama wanaokamua waligundua mapema, wakawa wanalegeza nati wenyewe. Vijana wetu waliokwenda kufanya matengenezo waliona nati zimelegea, wakazikaza tena. Mzee alisema zikazwe.

Tangu hapo nikaweka utaratibu mdogo: fundi anayetoka kwa mteja anasimulia alichokiona kabla mzee hajasema neno. Mzee alinuna kama mwezi, halafu akazoea.

Kina mama wanaokamua wanahesabika kwenye mtandao wa kampuni?

Umeshajibiwa hapo juu. Wahesabu.

Fundi akihamia kwa mshindani si anaondoka na kila kitu?

Anaondoka na chake, na anaacha alichowapa wenzake. Kama hakuwapa, basi ndiyo, ameondoka na kila kitu, na hapo tatizo halikuanza siku aliyoacha kazi.

Ujuzi kutembea na watu si jambo geni mwisho wa reli. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari na kwa treni. Makasha peke yake yasingeelea. Walikuja nayo mafundi watatu wa kiwanda kile, wakiongozwa na Anton Rüter, wakaiunga hapa na kuishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoizamisha wenyewe ili isichukuliwe, mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Nitauchoraje mtandao wa karakana yangu?

Karatasi moja, nusu siku. Muulize kila mtu peke yake maswali mawili: mara ya mwisho ulipokwama ulimwendea nani, na nani alikujia wewe? Usiulize "unashirikiana vizuri na nani", utapewa majibu ya harusini. Chora jina la kila mmoja, uvute mshale kutoka kwa aliyeuliza kwenda kwa aliyeulizwa.

Halafu angalia vitu vitatu. Jina lenye mishale mingi mno: huyo anachoka, na akiugua mnasimama. Jina lisilo na mshale: ni mgeni, au ni mtu aliyekatwa ulimi na swali la "wewe ni fundi gani". Na makundi mawili yasiyo na mshale hata mmoja kati yake: hapo ndipo misumari yako ilipo. Karatasi usiibandike ukutani. Niliwahi kuibandika, nikatumia wiki nzima kusuluhisha watu.

Sisi tuko sita tu. Tunahitaji haya?

Sita mnaonana. Mtandao wenu uko nje: muuza spea wa Mwanga, fundi wa boti Kibirizi, mwenzenu wa karakana ya jirani. Chora huo.

Na grupu la WhatsApp je, halisaidii?

Linasaidia kuuliza "nani ana beringi ya saizi hii?". Tulikuwa nalo. Asubuhi salamu, mchana vichekesho, jioni rambirambi. Swali la maana likiulizwa linajibiwa inboksi, na aliyejibiwa ni yule yule wa siku zote.

Yule mama wa stoo yuko wapi sasa?

Watu hawaachi kuniuliza. Alistaafu. Tulimfanyia sherehe, tukampa vitenge, tukaajiri kijana mwenye diploma na kompyuta. Kijana alikuwa hodari, stoo haikupotea hata skrubu. Ila baada ya miezi mitatu hivi nikagundua Gungu wanaagiza bati jipya kutoka Dar es Salaam wakati Kibirizi wana mabaki ya bati hilo hilo yanaota kutu. Kompyuta ilijua idadi, na hakuna aliyeiuliza.

Nikamfuata mama nyumbani kwake Ujiji, nikamweleza. Akacheka sana. Akasema kila Jumamosi alikuwa anapeleka maandazi Kibirizi, si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu pale alikuwa na wateja wake wa maandazi. Mikononi mwangu nilikuwa na daftari la kuandika ushauri wake. Niliandika "maandazi", nikafunga.